Picha ya Msiba Iko Mezani: Hatua za Kufuata Kabla Hujaichapisha

Mwongozo huu ni wa mhariri wa zamu, mpiga picha aliyetoka eneo la tukio, mwenye ukurasa wenye wafuasi wengi, na yeyote ambaye picha ya maiti au majeruhi imemfikia na yeye ndiye wa kusema itoke au isitoke. Muda huwa mfupi siku zote. Vyombo vingine vimeshaanza kurusha zao, simu zinaita, na mtu nyuma yako anauliza mbona sisi bado.

Ndiyo maana maswali yanatakiwa kupangwa mapema, siku ambayo hakuna msiba. Katika haraka tunakimbilia swali la mwisho, kama wasomaji wataitazama, na kuliruka la kwanza, nani ataumia ambaye hayumo chumbani kujitetea. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: sipingi picha za kutisha. Ziko ambazo kuzificha ni kumsaidia aliyeua. Ninachopinga ni picha kutoka halafu asipatikane hata mtu mmoja wa kueleza kwa nini imetoka.

Hatua ya 1. Jua picha imetoka wapi, na aliyeipiga alitaka nini

Picha za misiba ya zamani huibuka kila msiba mpya unapotokea. Mei 2012, baada ya mauaji ya Houla nchini Syria, tovuti ya BBC ilitoa picha ya safu ndefu za miili ndani ya sanda nyeupe, mtoto akiruka juu yake, kwa maelezo kwamba inaaminika ni ya Houla. Kumbe ilikuwa picha ya Marco Di Lauro, aliyeipiga Iraq mwaka 2003. BBC waliiondoa, lakini kosa la namna hiyo huwapa wanaokanusha mauaji ya kweli mahali pa kushikia.

Basi ipitishe picha kwenye Google Lens na TinEye, zana za kutafuta picha mtandaoni, uone kama imewahi kutokea kabla. Omba faili halisi kutoka kwenye kamera au simu iliyopiga, kwa sababu picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za ndani kama saa na mahali. Tazama vivuli, matope, mabango, nguo za watu, kisha linganisha na hali ya hewa ya siku hiyo. Mpigie aliyepiga umuulize alikuwa amesimama wapi, na upande wa pili ambao kamera haikuuona kulikuwa na nini. Aliyekuwepo hulijibu swali hilo papo hapo. Aliyeokota picha mtandaoni huanza kubabaika. Na siku hizi, kabla hujaendelea, jiridhishe kwamba haikutengenezwa na akili mnemba.

Kama aliyepiga ni muuaji mwenyewe au kundi lake, simama. Machi 15, 2019, mshambuliaji wa misikiti ya Christchurch, New Zealand, aliua watu 51 huku akijirusha mubashara kwenye Facebook. Ndani ya saa 24 za kwanza Facebook iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo. Shambulio lile lilipangwa litazamwe, na kila aliyelisambaza alimkamilishia kazi. Picha ya aina hiyo unaweza kuieleza kwa maneno. Usiichapishe, hata fremu moja tulivu iliyokatwa kutoka ndani yake.

Hatua ya 2. Uliza kama ndugu wamejua

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko pengine pote. Mtu ana haki ya kupata habari ya kifo cha mwanawe kutoka kwa mtu mwenzake: aliyekuja akabisha hodi, aliyepiga simu, aliyemwambia kaa chini kwanza. Picha haimwambii mtu akae chini kwanza.

Tarehe 6 Machi 2022, mama mmoja na watoto wake wawili waliuawa kwa kombora katika mji wa Irpin, jirani na Kyiv, wakijaribu kukimbia vita pamoja na mtu aliyekuwa akiwasaidia. Picha iliyopigwa na Lynsey Addario ilizunguka dunia nzima. Baba wa familia alikuwa mbali, mashariki mwa Ukraine, na habari ilimfikia kupitia Twitter. Aliwatambua watu wake kwa mabegi yao. Baadaye alisema dunia nzima inapaswa kujua kinachotokea kule, na kweli picha ile ilikuwa ushahidi mzito kwamba raia wanaokimbia wanapigwa. Picha ilistahili kuonekana. Yeye hakustahili kuijua habari kwa njia ile. Mhariri anatakiwa kuyashika yote mawili kwa pamoja.

Wengi wetu tunaziba nyuso tukadhani tumemaliza. Lakini ndugu hamtambui ndugu yake kwa uso tu. Fungua picha kwenye skrini kubwa, ikuze mara mbili, anzia kona ya juu kushoto uipite yote polepole. Viatu. Saa ya mkononi. Kovu kwenye goti. Nywele zilivyosukwa. Sare ya shule, kitambulisho kinachoning'inia shingoni, kava ya simu iliyoanguka, namba ya gari, rangi ya mlango wa nyumba. Kwa kila kimoja jiulize: mama yake akikiona hiki peke yake, atajua? Jibu likiwa ndiyo hata kwa kimoja, picha hiyo haitoki mpaka uwe na uhakika kwamba ndugu wamearifiwa.

Uhakika huo unautafuta polisi, hospitalini, kwa watu wa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, au kwa msemaji aliyechaguliwa na familia. Usimpigie mzazi kumuuliza kama ameshajulishwa, maana kwa swali hilo wewe ndiwe utakayekuwa umemjulisha. Usipopata jibu, chukulia kwamba hawajui. Kwenye ajali yenye watu wengi, ambapo orodha ya majina haijatoka, tumia picha ya mbali inayoonyesha eneo na ukubwa wa tukio, usubiri.

Utaambiwa imeshasambaa, kuna faida gani kujizuia? Makundi ya WhatsApp hayachunguzi wala kuhakiki, na watu wanalijua hilo. Mama anayesikia uvumi anafungua chombo anachokiamini, akitumaini kuambiwa si kweli. Usimpokee kwa picha.

Hatua ya 3. Andika sentensi moja: picha hii inathibitisha nini

Iandike kwenye karatasi au kwenye mfumo wenu wa kazi, usiiache kichwani. Ianze hivi: "Picha hii inaonyesha kwamba..." Kisha ikamilishe bila kutumia maneno ukatili, majonzi wala simanzi.

Jaribu na picha ya shirika la habari la AP ya Juni 8, 1972, iliyopigwa Trang Bang, Vietnam, ya msichana wa miaka tisa anayekimbia uchi barabarani akiwa ameungua. Sentensi yake inakamilika mara moja: picha hii inaonyesha kwamba napalm, mafuta mazito ya moto yanayomwagwa kwa mabomu, inawaunguza watoto wa kijijini. AP walikuwa na kanuni ya kutotoa picha za watu walio uchi, na mwanzoni kulikuwa na upinzani ndani ya ofisi ya Saigon yenyewe, mpaka mhariri wa picha Horst Faas aliposhikilia kwamba iende. Kanuni ilikuwa nzuri. Lakini mtu aliyeweza kusema ni kwa nini ivunjwe, na mara hii moja, alikuwepo.

Chukua pia tukio la Boston, Julai 1975. Stanley Forman alipiga picha mwanamke na mtoto wakianguka baada ya ngazi ya dharura ya jengo linaloungua kuvunjika. Mwanamke alifariki, mtoto akapona. Wasomaji wengi walilalamika magazeti yalipoitoa. Lakini itazame: ngazi yenyewe iliyovunjika imo ndani ya fremu pamoja nao. Chanzo cha kifo kinaonekana, na mjadala uliofuata juu ya usalama wa ngazi hizo ulikuwa na kitu cha kushika.

Sasa chukua ajali ya barabarani ya kila wiki. Mwili uliolala kando ya lami unathibitisha nini? Kwamba mtu amekufa, jambo ambalo kichwa cha habari kimeshalisema. Tairi lililokwisha, kona isiyo na kingo, basi lililobeba watu kupita kiasi: hizo ndizo picha zinazoeleza kwa nini alikufa, na zinaweza kumwajibisha mtu. Tunazikosa kwa sababu kila mpiga picha amekimbilia mwili.

Sentensi isipokamilika, acha picha. Huhitaji kupitia hatua zilizobaki.

Hatua ya 4. Ipime kwa umbali

Januari 15, 2019, hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi ilishambuliwa, watu 21 wakauawa. The New York Times walitoa picha ya AP ikionyesha miili ya watu kwenye meza za mgahawa, wengine wakiwa wameinamia meza pale pale walipokuwa wamekaa. Wakenya waliwaka. Walitaka iondolewe, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likaingilia kati. Gazeti lilijitetea kwamba wasomaji wanahitaji kuona uhalisia wa shambulio, baadaye likasema litaunda jopo la kutazama upya namna linavyoamua juu ya picha za aina hiyo.

Swali la Wakenya lilikuwa rahisi, nami naona lilikuwa la haki: wangekufa watu wa mji wenu, mngewaonyesha hivi hivi? Kumbuka yaliyotokea kwa picha ya Richard Drew ya mtu anayeanguka kutoka mnara wa World Trade Center, Septemba 11, 2001. Magazeti mengi ya Marekani yaliitoa kesho yake, wasomaji wakalalamika, na karibu yote hayakuirudia. Maumivu ya jirani yalisikika haraka.

Kwa hiyo badilisha watu kichwani mwako. Weka mtaa wako, dini yako, watoto wa shule anayosoma mwanao. Shauri likibadilika, basi ulichokuwa unapima ni umbali tu. Kigezo kiwe kimoja kwa maiti wote, na kiandikwe, kwa sababu kisichoandikwa huwapendelea walio karibu nasi bila sisi wenyewe kutambua. Chombo cha mbali kinachopokea picha kutoka kwa mashirika ya habari kina wajibu mkubwa zaidi hapa, kwani wafiwa hawana njia ya kufika ofisini kwake kulalamika.

Hatua ya 5. Tafuta ridhaa, na ujue ni ya nani

Agosti 1955, Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14, aliuawa kikatili huko Mississippi. Mama yake, Mamie Till, aliamua jeneza libaki wazi ili watu waone alichofanyiwa mwanawe, na jarida la Jet likachapisha picha ya uso ule ulioharibiwa. Hakuna mhariri ambaye angekuwa na haki ya kuamua hivyo kwa niaba yake. Yeye alikuwa nayo. Familia ikisema onyesheni, sauti yao ina uzito kuliko kanuni zako nyingi. Ikisema msionyeshe, utahitaji sababu kubwa ya umma kwenda kinyume nayo, na sababu hiyo uwe tayari kuieleza mbele yao.

Majeruhi aliye kwenye mshtuko hawezi kutoa ridhaa, hata akitikisa kichwa. Mrudie akishatulia. Mtoto haridhii; anaridhia mlezi, na hata mlezi akiridhia wewe fikiria mtoto huyo akiwa na miaka ishirini, jina lake likitafutwa mtandaoni. Aliyebakwa usimtoe kwa namna ya kutambulika ila kwa ombi lake mwenyewe aliloelewa matokeo yake. Mateka wa kivita wanalindwa na Mkataba wa tatu wa Geneva wa 1949, ambao katika kifungu cha 13 unakataza kuwaweka hadharani watu wakawashangae.

Hatua ya 6. Dai mfululizo mzima wa picha

Mpiga picha hupiga nyingi. Mezani huletwa moja. Omba zote. Septemba 2, 2015, mtoto Alan Kurdi, mkimbizi kutoka Syria, alikutwa amekufa maji ufukweni karibu na Bodrum, Uturuki. Nilüfer Demir alipiga mfululizo. Magazeti mengine yalitoa ile ya mtoto amelala kifudifudi mchangani peke yake, mengine yakachagua ile ya ofisa aliyembeba mikononi, uso wa mtoto ukiwa hauonekani. Habari ni ile ile. Binafsi naona ya pili ilitosha: viatu vidogo vile vinaonekana, na kuna mtu mzima anayemshughulikia. Najua wahariri ninaowaheshimu wanaosema upweke wa ile ya kwanza ndio uliokuwa ukweli wenyewe.

Lakini usigeuze hatua hii kuwa njia ya kukwepa. Picha laini nayo inaweza kudanganya. Kama watu mia wameuawa na umechagua kandambili moja mchangani, umeyafanya mauaji yaonekane kama bahati mbaya.

Hatua ya 7. Ukificha, ficha kweli, wala usifute

Ziba kwa rangi nzito isiyopenyeka. Vile viboksi vidogo vinaweza wakati mwingine kukisiwa, na kukoroga uso hakufichi kitu: mwaka 2007 Interpol walitoa hadharani sura ya mtu waliyekuwa wakimtafuta, baada ya wataalamu wa polisi ya Ujerumani kuurudisha uso aliokuwa ameukoroga kwa kompyuta. Hifadhi picha iliyozibwa kama faili jipya la tabaka moja, ili rangi uliyoziba nayo isiweze kuondolewa, ondoa taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili, na ile halisi ibaki kwenye hifadhi yenu bila kuguswa.

Kuziba kunaonekana, na msomaji anajua amezibiwa. Kufuta ni uongo. Baada ya mabomu ya treni za Madrid, Machi 11, 2004, kulikuwa na picha yenye kipande cha mwili wa binadamu mbele kabisa. Baadhi ya magazeti ya Uingereza yalikifuta kwa kompyuta. The Guardian walikigeuza kijivu kisitambulike. Nia ilikuwa njema, ila msomaji alipewa tukio ambalo halikuwepo. Kata picha, izibe, au tumia nyingine.

Hatua ya 8. Amua mahali pake, ukubwa wake na maneno yake

Picha iliyokubalika bado inaweza kuharibiwa na mahali ilipowekwa. Isiwe ndiyo picha ndogo inayojitokeza mtu akitumiwa kiungo, kwa sababu pale msomaji hajachagua chochote. Iweke ndani ya habari, nyuma ya onyo linalosema ni nini hasa: "picha inayofuata inaonyesha miili ya watu waliokufa." "Huenda ikakukera" haimsaidii mtu kuamua. Video isijicheze yenyewe. Ondoa matangazo kwenye ukurasa huo. Picha moja inatosha; albamu ya kutelezesha kidole, maiti baada ya maiti, sioni inapotetewa.

Maelezo ya picha yaseme nani alipiga, wapi, lini, na nini kilifuata. Machi 1993 The New York Times walipotoa picha ya Kevin Carter ya mtoto aliyedhoofika kwa njaa Sudan, tai akiwa nyuma yake, wasomaji walipiga simu na kuandika kwa wingi wakiuliza mtoto yule aliishia wapi. Gazeti likalazimika kutoa maelezo ya mhariri, ambayo nayo hayakuweza kusema kama alifika kwenye kituo cha chakula alichokuwa akienda. Mtu ukimwonyesha binadamu anayeteseka, atauliza kama alisaidiwa. Mpiga picha aulizwe kabla msomaji hajauliza.

Hatua ya 9. Walinde wanaozitazama kabla ya wote

Kila picha msiyoitoa kuna mtu wenu aliyeitazama. Utafiti ulioongozwa na Anthony Feinstein wa Chuo Kikuu cha Toronto, uliochapishwa 2014, ulionyesha kwamba kwa wanaochambua picha za ukatili katika vyumba vya habari, kuzikuta mara kwa mara ndiko kunakoumiza zaidi. Kwa hiyo gawaneni zamu, nyamazisheni sauti ya video kama haihitajiki, tazameni kwa dirisha dogo pale mnapokagua tu. Yapeni mafaili majina yanayoonya, ili mtu anayetafuta picha ya mpira asiangukie maiti.

Hatua ya 10. Endelea kuishughulikia baada ya kutoka

Andika uamuzi: nani alikuwepo, sentensi ya hatua ya 3 ilisemaje, nani alipinga na kwa hoja gani. Usiache mashine zikuamulie baadaye. Mwaka 2016 Facebook iliondoa ile picha ya Trang Bang kwa kuihesabu kuwa picha ya mtoto aliye uchi. Mhariri mkuu wa gazeti la Aftenposten la Norway aliandika barua ya wazi kupinga, na picha ikarudishwa. Ikiondolewa yenu, ile karatasi ya uamuzi ndiyo mtakayoitetea nayo.

Picha inayofaa siku ya tukio huenda isifae mwaka mmoja baadaye. Kwenye kumbukizi huwa hakuna jipya la kuthibitisha, na wafiwa siku hiyo wanafungua simu kuona salamu za pole. Katika hifadhi, kila picha ya namna hii iwekewe alama ya kuzuia isitumike tena bila mhariri kuidhinisha, isijitokeze yenyewe kwenye habari zinazohusiana. Weka pia anwani moja ambayo ndugu anaweza kuitumia kuomba picha iondolewe, na jina la mtu anayewajibika kumjibu ndani ya siku hiyo hiyo.